Okidi haikufa kiu, ilizama: venye mi hutunza mizizi yake hapa Nairobi

Okidi yangu ya kwanza niliimaliza na kikombe cha chai. Kila asubuhi kabla nikimbilie matatu naimwagia kikombe kimoja, nikirudi jioni nikipata majani yamelegea naongeza cha pili, na nikiulizwa nasema huyu mgeni ana kiu sana, si mnaona jua la siku hizi. Baada ya miezi kama miwili hivi nikaishika shina nataka kuisogeza karibu na dirisha, ikanitoka yote mkononi bila hata kuvuta, majani manne juu, chini hakuna kitu. Ndani ya poti kulikuwa kumebaki vitu kama tambi zilizolala kwa mchuzi siku tatu, na harufu ni hiyo hiyo. Kumbe majani yalikuwa yanalegea ju mizizi ishaoza, haiwezi kupandisha maji tena, na mimi kila nikiona imelegea ndio nazidi kuizamisha.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchungulia mizizi kwanza, maua baadaye.

Ile naongelea hapa ni falenopsisi, okidi yenye wengi wetu tuko nayo: majani mapana manene yamelala huku na huku, halafu kijiti kirefu chenye maua yamepangana kama vipepeo kwa kamba ya nguo. Ndio utapata supamaketi na kwa nasari nyingi za barabarani, ndio watu hupeana Siku ya Mama. Kwao ni misitu ya joto huko kusini mashariki mwa Asia, Ufilipino, Indonesia na hizo sehemu, na huko haimei chini. Inakaa juu ya mti imeshikilia gome, mizizi inaning'inia hewani. Mvua ikipiga inalowa chapa chapa, ikiisha upepo unaikausha. Na wala hainyonyi mti, si kama kupe kwa ng'ombe, ni mpangaji tu. Hata sisi tuko na zetu za aina hiyo, siku moja ukitembea msitu wa Karura inua macho uangalie matawi ya miti mizee, hizo vitu vya kijani zimejibana hapo na mizizi ya kijivu, kuna zenye ni okidi za kienyeji na hazijawahi kuona udongo hata kijiko. Angalia tu, using'oe.

Sasa ukijua hivyo utaelewa kwa nini nilitaka kulia nikisikia kijana wa nasari moja akimwambia mama mmoja mbele yangu, "Madam, hii weka tu udongo mwekundu na samadi kidogo, itakushukuru." Udongo wa Nairobi, ule mwekundu au hata ule mweusi, ukimwagiwa maji unashikana kabisa, hakuna pa hewa kupita. Mzizi wa okidi ukikosa hewa siku kadhaa unaanza kufa, halafu ukungu na bakteria wanaingia kumalizia. Yaani tukisema maji yameua okidi, mara nyingi ni hewa ndio ilikosekana.

Chukua mzizi mmoja uuangalie karibu, ule unachungulia juu ya poti. Ukiwa mkavu ni wa rangi ya fedha fedha, kijivu hivi. Weka tone la maji na kidole. Unaona? Hapo palipoguswa na maji panageuka kijani ukiangalia, kabla hata hujavuta kiti. Hiyo nguo ya nje inaitwa velameni, ni seli zilizokufa zimekaa kama sponji, kazi yake kunyonya maji haraka na kuyashikilia. Ikilowa inakuwa kama kioo, unaona kijani cha ndani, na hicho kijani ni cha kweli, mizizi hii inatumia mwanga kujitengenezea chakula kama jani. Ndio maana poti nzuri ya falenopsisi ni ile ya plastiki ya kuonekana ndani. Ndani kabisa katikati ya mzizi kuna uzi mgumu mwembamba, huo uukumbuke, tutaurudia.

Kwa hivyo kalenda ya maji tupa. Watu wanauliza mara ngapi kwa wiki, na mi najibu uliza mizizi. Mizizi ya pembeni ya poti ikiwa bado ya kijani na kuna umande kwa plastiki, wacha hivyo hivyo, hata kama ni siku ya kumi. Ikishakuwa ya fedha yote, umande umeisha, na ukiinua poti unaisikia nyepesi kama mkebe mtupu, hapo sasa. Kama poti yako haionekani ndani, dunga kijiti cha mishikaki mpaka katikati, kiache dakika kumi, kitoe ukiweke shavuni. Kikiwa baridi ama kimekuwa cheusi cheusi, bado.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hiyo ndio inachanganya watu wanaofuata video za nchi zingine. Januari na Februari jua kali hewa kavu, yangu inakauka kwa siku tano, sita. Julai sasa, mawingu wiki nzima, usiku nje inashuka mpaka digrii 10 au 12, nyumba zetu hazina hita, poti inaweza kukaa wiki mbili bado ina unyevu. Mtu anayemwagilia kila Jumamosi mwaka mzima ataponea Februari azike Julai. Na hii falenopsisi chini ya digrii 15 haifurahii kabisa, kwa hivyo hiyo miezi ya baridi itoe kwa kigae cha dirishani usiku uiweke ndani kidogo, na ukimwagilia mwagilia asubuhi ndio ikifika usiku iwe imekauka, na maji yasiwe yale ya baridi ya kuuma vidole, changanya kidogo na ya moto yawe vuguvugu.

Venye mi humwagilia: natoa ile poti ya plastiki kwa chungu cha urembo, naiweka kwa beseni, naijaza maji mpaka karibu na ukingo wa poti, dakika kumi au kumi na tano. Mizizi yote inageuka kijani. Natoa, naiacha kwa sinki ichuruzike nusu saa hivi, nikiitikisa mara moja moja. Kisha narudisha, na kabla nirudishe naangalia kile chungu cha nje hakina maji chini. Hicho chungu cha urembo kimeua okidi nyingi sana hii mji, ju hakina tundu, maji yanajikusanya hapo chini kimya kimya na wewe huoni. Kama una okidi kadhaa usizilowe kwa maji yale yale, moja ikiwa na ugonjwa umezigawia zote. Na maji yakiingia katikati pale juu majani yanapotokea, pangusa na tishu, hapo pakioza hakuna dawa, mmea una mahali pamoja tu pa kukulia.

Maji yenyewe ni stori. Ya mfereji ya Nairobi, mengi yanatoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, na ni maji laini, okidi haina shida nayo, siku zikija za mgao jaza ndoo mapema ndio yasikukose. Shida ni ploti zenye zinatumia maji ya kisima cha kuchimba. Mengi ya hapa yako na chumvi chumvi na floraidi, na chumvi haiendi popote, maji yakikauka yenyewe inabaki, unaona ganda jeupe kwa ukingo wa poti na ncha za mizizi zimekuwa nyeusi kama zimechomwa na kiberiti. Mi naishi kwa ploti ya aina hiyo, kwa hivyo mvua za Machi mpaka Mei na zile za Oktoba kuendelea naweka beseni balkoni na kujaza majerikeni. Jirani alidhani nauza maji. Ukikosa ya mvua, basi angalau mara moja kwa mwezi pitisha maji mengi mazuri juu mpaka chini yaoshe hiyo chumvi.

Sasa hii hapa hakuna mtu aliniambia, na imeshaniponza okidi mbili. Ukinunua okidi mpya, hata kama inang'aa, kuna uwezekano katikati ya mizizi kuna kipira cha mosi, ile kitu laini ya kahawia kama nyasi inayoshika maji kama taulo, saizi ya kikombe cha kahawa, wakati mwingine kimevalishwa kineti. Ilioteshwa hapo ikiwa mtoto, halafu wakaiweka hivyo hivyo kwa poti kubwa wakazungushia magome. Nje magome yanakauka, unaona mizizi ya pembeni imekuwa ya fedha, unasema ina kiu, unamwagia, kumbe pale katikati chini ya shina kumelowa toka wiki iliyopita. Mizizi inaoza kuanzia ndani na wewe ukiangalia nje unaona mizuri tu. Yangu ya pili niliinunua 3,500, ilikuwa na maua tisa, nikaitoa kwa poti kumbe hicho kipira kimebanana kama karatasi ya msalani iliyolowa, nikakaa nacho kwa gazeti na kijiko cha chai na kibanio cha nyusi karibu saa nzima nikikitoa kipande kwa kipande. Nikabaki na mizizi mitano kati ya kama kumi na miwili. Kwa hivyo siku hizi nikinunua nasubiri maua yaanguke, halafu natoa hicho kitu. Nikishuku kuna uozo sisubiri maua.

Ukishaitoa, mizizi inapangwa mafungu mawili na vidole, si macho. Bonyeza. Mzima ni mgumu kiasi, kama mishiri mibichi, hata kama rangi yake ni ya njano au kahawia ju haikuona mwanga, usiukate kwa sababu ya rangi. Uliooza unabonyea, maji ya kahawia yanatoka, na ukivuta kidogo nguo yake inavulika kama soksi inabaki ule uzi wa katikati niliokuambia. Kuna mwingine umekauka umekuwa bapa kama karatasi, huo nao ulishaenda. Ukiwa na shaka, ulowe dakika kumi kwanza ndio ubonyeze, mizizi yenye kiu hudanganya.

Makasi ipangusie spiriti ama uipitishe kwa moto wa gesi, na urudie kila ukihamia mmea mwingine. Kata uliooza mpaka ufike palipo pazima. Usiogope. Ukiacha kipande kilichooza kwa huruma kitaendelea kupanda mpaka shinani. Mdalasini wa unga, ule wa chai, paka kwa vidonda peke yake kwa kidole, nimeona watu wanaunyunyiza mmea wote kama pilau na mdalasini unakausha, mizizi mizima nayo itakauka. Halafu iache wazi kwa meza kivulini usiku mmoja vidonda vikauke. Haitakufa, kumbuka kwao inakaa hewani.

Na kama mizizi imebaki michache na bado kuna maua, kata kijiti cha maua. Najua, inauma. Weka kwa chupa ya maji mezani yatadumu tu, lakini mmea usio na mizizi ukilisha maua unajimaliza.

Cha kupandia hakihitaji uagize nje. Mi hutumia magome ya paina, ukienda yadi ya mbao uongee na watu vizuri utapewa gunia kwa bei ya soda, unavunja vipande saizi ya ncha ya kidole gumba, unachemsha kuua wadudu, unaloweka usiku mzima ju magome makavu maji yanateleza tu juu. Naongeza makaa ya kawaida, vipande vikubwa, vumbi lake sitaki, na hayajawahi kuwashwa. Makumbi ya nazi pia ni sawa ukiyaloweka na kubadilisha maji siku tatu nne, yako na chumvi ya pwani. Na ile mawe myepesi ya pumisi, ndugu ya lile jiwe la kusugulia visigino, inatoka huko upande wa Longonot, ukipata vipande vyake weka chini kabisa ya poti.

Poti yenyewe iwe ya kutosha mizizi tu, usiipe nafasi ya kukua kama kiatu cha mtoto wa shule. Poti kubwa inabaki na unyevu katikati wiki nzima. Mi nimetumia mkebe wa maziwa lala wa plastiki, ule wa kuonekana, nikachoma matundu na msumari wa moto, mengi, chini na pembeni. Fungua madirisha ukifanya hivyo, huo moshi si mzuri. Shikilia mmea katikati, shina likae juu ya magome lisizikwe, dondosha magome pole pole huku unagonga poti pembeni yaingie kati ya mizizi. Ile mizizi ilishazoea kuwa hewani iache hewani, ukiilazimisha ndani itaoza. Ikiyumba funga na kijiti. Maji subiri siku mbili tatu, mbolea usiguse mpaka uone ncha mpya, ile ya kijani inayong'aa ama nyekundu nyekundu.

Kuna mtu alinitumia picha akauliza, "Dada, hii imebaki na mzizi mmoja wa urefu wa kidole, nitupe?" Nikamwambia kama majani yako na uhai kidogo na pale katikati ni kijani, jaribu. Wenye wanaishi ng'ambo wanaifungia kwa mfuko wa plastiki, sisi mifuko ilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo chukua lile boksi la keki la plastiki la kuonekana ndani. Weka mosi kidogo iliyolowa halafu ukaikamua mpaka haitoi tone, weka mmea juu yake ukiwa umeegemea, si kuzamishwa, funika, mwanga uwepo lakini jua lisiguse maana ndani kutageuka jiko. Kila siku tatu funua dakika kumi ibadilishe hewa. Usiifunue kila saa kuangalia. Yangu ilichukua miezi minne kutoa mzizi wa kwanza, na nilikuwa nishaanza kuitafutia makaburi.

Mbolea ni jambo dogo. Ile ya majimaji ya 20-20-20, robo ya kipimo walichoandika kwa pakiti, kila baada ya wiki mbili wakati inakua, na mizizi iwe imelowa kwanza. Mbolea za shamba kama DAP na CAN waachie mahindi. Magome yanaanza kuoza baada ya kama miaka miwili, yakiwa laini kama keki badilisha hata kama mmea unaonekana sawa.

Mwanga kidogo niseme, ju mmea usipopata mwanga unakunywa pole pole na poti inabaki mbichi. Dirisha la mashariki ndio raha, jua la asubuhi kabla ya saa tatu halichomi. Sisi tuko chini tu ya ikweta, kwa hivyo dirisha la kaskazini linapigwa na jua katikati ya mwaka na la kusini linapigwa kuanzia Novemba mpaka Januari, mtu anaweka okidi mahali pamezoea kivuli halafu Desemba anakuta jani lina doa kama la pasi ya moto. Pazia la neti linamaliza hiyo shida. Majani yakiwa kijani kizito sana kama sukumawiki iliyokolea, mwanga haumtoshi. Kijani cha embe bichi ndio unatafuta.

Na ile baridi ya Julai niliyoisema vibaya ina zawadi yake pia, usiku ukipoa kiasi kwa wiki kadhaa ndio mmea unapata ishara ya kutoa kijiti cha maua. Agosti chungulia chini ya majani. Mzizi mpya una ncha ya mviringo laini, kijiti cha maua kina umbo la glavu ya mtoto, ile ya kidole gumba peke yake. Nimewahi kuingiza kijiti cha maua ndani ya magome nikidhani ni mzizi unapotea njia.

Hiyo yangu ya boksi la keki sai ina majani sita na mizizi inatoka kila mahali, mmoja umepita juu ya ukingo wa poti ukashika grili ya dirisha, umejibandika hapo bapa kama mjusi. Ikikushikia hivyo usivute, utauvua nguo. Mi nimeuacha tu hapo. Keateka alikuja wiki jana akasema mwenye nyumba anataka grili zote zipakwe rangi kabla ya Desemba, akauangalia huo mzizi, akaniangalia. Nimemwambia, "Mzee, hapo paka ukizunguka."